Mwongozo kamili wa kusaidia ujenzi wa mikve, kuanzia kiwanja hadi maji ya mvua

Kosa langu la kwanza kwenye ujenzi wa mikve, birika la Wayahudi la kuzamia kwa twahara, nililifanya kwa kupenda usafi. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili, maji ya shimo yamefika magotini, na ukingoni kumebaki vumbi la sementi. Nikajaza ndoo bombani, nikasuuza ukingo, maji yakateremka shimoni. Jioni rabi, mwanazuoni wa Kiyahudi anayesimamia kazi, akafika, akauliza mbona ukingo umelowa ilhali jua limewaka kutwa. Nikamweleza, tena kwa fahari. Hakupandisha sauti. Aliipindua ndoo yangu, akaikalia, akayatazama yale maji kwa muda, kisha akasema: "Haya, tuyatoe yote."

Mimi ni fundi bomba, mzaliwa wa Mombasa, na hayo yalinikuta katika mji mdogo wa jimbo la Pennsylvania, Marekani. Maji yalikuwa mazuri, shimo zuri, nia yangu nzuri. Lakini kwenye mikve linaloangaliwa ni namna maji yalivyofika pale, na kabla ya jambo gani. Mwongozo huu ni wa yeyote anayetaka kusaidia jumuiya kujenga: fundi aliyepewa kazi, mchangiaji, mjumbe wa kamati, au Myahudi wa kwetu Afrika Mashariki ambaye wenzake wameanza kulizungumzia jambo hili.

Kwanza, elewa kinachojengwa

Mikve ni birika la kuzama mwili mzima. Mke wa Kiyahudi anayeshika sheria ya twahara ya familia hutengana na mumewe anapokuwa hedhini. Damu ikishakatika, huhesabu siku saba safi, kisha usiku nyota zikitoka huzama mikve, na ndipo wanarudiana. Kwa kawaida siku za mwanzo hazihesabiwi chini ya tano kwa Waashkenazi (Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki), au nne kwa Wasefaradi wengi (wenye asili ya Hispania), kwa hiyo utengano huchukua kama siku 12 kila mwezi. Wanaoingia dini ya Kiyahudi nao huzama humo. Wanaume wengi huzama kabla ya Yom Kippur, siku ya toba, na vyombo vipya vya mezani huchovywa pia, ingawa vyombo hujengewa kibirika chao.

Mwenye kuzama anafika hapo akiwa ameshaoga, amesugua, amechana nywele na kukata kucha. Kwa hiyo msije mkaiita bafu mbele ya kamati, mtaonekana hamkusikiliza.

Aliyesoma chuoni pwani, yaani madrasa, ataelewa upesi, kwa sababu alifundishwa habari ya maji ya kulla mbili na maji yaliyokwisha kutumika. Hapa nako kuna kipimo: sea 40 (sea ni kipimo cha kale cha ujazo), kiasi cha kumtosha mtu kuzama mwili wote. Wanazuoni walipima birika la dhiraa moja kwa dhiraa moja, kina dhiraa tatu. Kwa lita, hesabu ndogo inayotumika ni karibu lita 332 na kubwa ni 573. Wajenzi hawabishani, wanachimba shimo la mita moja kila upande na kupata lita 1,000, rabi wote wakaridhika.

Tofauti kubwa iko kwenye asili ya maji. Walawi 11:36 inataja chemchemi na birika la maji yaliyojikusanya. Maji yaliyochotwa, yaani yaliyokaa ndani ya chombo au kuletwa kwa mkono wa mtu, hayafai kuanzisha mikve. Logi tatu tu za maji ya kuchota, karibu lita moja, zikiingia kabla sea 40 hazijatimia, zinaliharibu shimo zima. Ndoo yangu ilikuwa ya lita kumi. Kipimo kikishatimia kwa njia halali, unaweza kuongeza maji ya bomba upendavyo.

Tafuta rabi wa mikve kabla ya kutafuta kiwanja

Nimesema rabi wa mikve, maana rabi wa jumuiya mara nyingi mwenyewe atakwambia hili si fani yake. Wapo wachache waliobobea, wanaosoma mchoro wa zege kama mhandisi na kukagua kazi kila hatua. Mlipe nauli aje mwanzoni. Jumuiya zinazobana fedha humwita mwishoni kukagua, na ndizo zinazovunja vigae.

Kikao cha pili kiwe na wanawake watakaoitumia. Nimekuta kamati za wanaume watupu zikijadili rangi ya marumaru saa nzima na hakuna aliyejua kwamba mlango unatazama kituo cha basi. Mama mmoja aliingia kuleta chai, akatazama mchoro, akasema mlango uhamie nyuma. Basi yakaisha.

Kama una kisima cha asili au bahari karibu, uliza kwanza kama kujenga kunahitajika sasa. Bahari ni mikve halali, na kwa sheria hiyo Bahari ya Hindi inatosha kwa Myahudi aliyeko Mombasa au Dar es Salaam. Shida ni usiku, mawimbi, macho ya watu, na kwamba asiende peke yake. Mito ina maswali yake, hasa ile inayovimba kwa mvua: maji ya mvua yanayotiririka hayana hukumu sawa na ya chemchemi. Usiamue mwenyewe.

Kiwanja

Ijumaa usiku, Sabato ikishaingia, na usiku wa sikukuu Myahudi mshika dini haendeshi gari, na mwezi wowote zamu ya mtu yaweza kuangukia usiku huo. Kwa hiyo mikve iwe mwendo wa miguu kutoka wanakoishi watu. Kiwanja cha bei nafuu kilicho maili sita nje ya mji ni hasara.

Angalia pia maji ya chini ya ardhi. Maji yakipanda masika yatasukuma sakafu na kutafuta ufa. Angalia paa litakalovuna mvua: milimita 10 za mvua kwenye paa la mita za mraba 100 ni lita 1,000. Ondoa yale yatakayopotea mwanzoni, utaona kwamba mvua moja au mbili nzuri zinatosha. Na angalia maegesho: gari liegeshwe pasipoonekana kutoka barabarani, njia ya kuingia na ya kutoka ziwe mbili ikiwezekana, ili jirani asikutane na jirani.

Kibali cha ujenzi kiombwe mapema. Maofisa wengi hawana fungu la mikve kwenye fomu zao, na wengine huiweka kundi la mabwawa ya kuogelea, ambako kuna masharti ya shimo la kutolea maji na mitambo ambayo yaweza kugongana na sheria ya dini. Msanifu majengo na rabi waongee kabla mchoro haujapelekwa, maana mchoro uliokwisha kugongwa muhuri ni kazi kuubadilisha.

Fedha

Marekani mikve ya kawaida hupita dola laki kadhaa kwa urahisi, na zipo zilizofika mamilioni kwa sababu ya marumaru na taa. Nisemavyo siku zote: zege kwanza, marumaru baadaye. Birika lenye vigae vya kawaida lisilovuja ni halali, la kifahari linalovuja si mikve.

Mchangiaji Myahudi hahitaji kushawishiwa sana kuhusu umuhimu. Wanazuoni wa sheria yao wameandika kwamba jumuiya isiyo na mikve yaweza kuuza sinagogi yake ili kuijenga. Anachotaka kuona ni makadirio yaliyogawanywa: msingi na zege, mabomba na hita, chujio, vyumba, na mfuko wa uendeshaji wa angalau mwaka mmoja. Huo wa mwisho ndio unaosahaulika. Umeme wa kupasha maji, dawa, taulo, mshahara wa msimamizi, vyote huendelea baada ya kukata utepe.

Huko Marekani lipo shirika la Mikvah USA linalosaidia jumuiya ndogo kujenga. Israeli mikve za umma huendeshwa na mabaraza ya kidini ya serikali za mitaa. Kwingineko ni jumuiya yenyewe, pamoja na wafadhili wanaopenda jina la mama yao liandikwe mlangoni, na hilo ni sawa kabisa. Fungua akaunti ya mradi peke yake, sahihi tatu, mojawapo ya mwanamke.

Kama unachangia kutoka mbali, usitume vifaa bila kuulizwa. Nimeona beseni kubwa la faiba, zuri la kung'aa, lililoletwa kama zawadi. Lilikuwa chombo, na chombo hakiwi mikve. Likafanywa hodhi la bustani.

Mchoro: mashimo mawili na mabusu

Hapa fundi atulie asome mara mbili. Mtu hazami kwenye shimo la mvua. Shimo la mvua ni ghala, na karibu yake kuna birika la kuzamia, linalojazwa maji ya bomba, yanayobadilishwa na kuchujwa. Maji ya bomba hupata uhalali kwa kuunganishwa na yale ya mvua. Njia ni tatu, na jumuiya nyingi hutumia mbili kwa pamoja.

Njia ya kwanza ni ya kugusana. Ukuta kati ya shimo la mvua na birika una tundu, na maji ya pande mbili yakikutana hapo, birika linahalalika. Kwa Kiebrania njia hii huitwa hashaka, neno la kubusiana. Tundu hupimwa kwa upana wa mdomo wa kiriba, ambao vidole viwili vinazunguka ndani yake. Wajenzi huongeza kidogo. Huwa na kizibo kinachofunguliwa.

Njia ya pili ni ya kupanda, kama mbegu. Maji ya bomba huangukia kwanza kwenye shimo la mvua lililokwisha timia, yakachanganyika humo, kisha yakafurika kupitia mfereji wa juu na kuingia birikani. Wasiwasi wake ni kwamba miaka ikipita, maji ya awali ya mvua hubaki kidogo sana humo, na ndiyo sababu wengi huweka na tundu la kugusana.

Njia ya tatu ni ya Chabad, kundi la Wayahudi wa Kihasidi, kwa mafundisho ya rabi wao wa tano, Sholom Dovber Schneersohn: shimo la mvua huwekwa chini ya sakafu ya birika, na sakafuni kuna matundu yenye upana wa kiganja. Maji ya juu na ya chini hayatengani kamwe. Kwa fundi, hii ina raha yake na adha yake: huna ukuta wa kutoboa, lakini una sakafu inayoning'inia juu ya maji, na nondo zake zisipofunikwa vizuri zitaota kutu mahali usipoweza kuona.

Msibishane ipi bora. Rabi wa jumuiya ataamua, nanyi mtamwaga zege.

Ngazi za birika mara nyingi huwa saba. Hiyo ni desturi. Kinacholazimu ni kina: maji yafike karibu sentimita 120 hadi 130, ili mtu akiinama kidogo azame wote pamoja na nywele, bila kulazimika kupiga magoti. Weka mkono wa kushikia, na kama fedha zipo, kiti cha kuteremsha asiyeweza ngazi.

Zege

Birika na mashimo yote yajengwe ardhini au kama sehemu ya jengo, kwa zege la kumwagwa papo hapo. Mwaga kwa siku moja ukuta na sakafu kadiri inavyowezekana. Palipo na kiungio, weka utepe wa mpira wa kuzuia maji. Mabomba yote yanayopita ukutani yakae kwenye fomu, yaani mbao za kushikilia zege, kabla ya kumwaga. Ukija kutoboa baadaye, umetengeneza uvujaji kwa mkono wako.

Kuvuja ndiyo maradhi mabaya kuliko yote hapa, maana maji yanayotoka huhesabiwa yanatiririka, na maji ya mvua yanayotiririka hayafai kuzamia. Kwa sababu hiyo rabi wengi hawataki shimo la kutolea maji sakafuni. Huondoa maji kwa pampu ya kunyonya kutoka juu.

Jaribio ni hili, na tunalifanya kabla ya vigae. Jaza maji ya bomba, weka alama ya penseli, weka na ndoo ya maji pembeni yenye alama yake. Subiri siku mbili. Maji ya ndoo yakishuka milimita mbili na ya birika mbili, ni mvuke tu. Birika likishuka zaidi, tafuta ufa. Ukiridhika, toa maji yote na ukaushe kwa sponji hadi chini, rabi akiangalia.

Vyumba

Kila chumba cha maandalizi kiwe na beseni la kuogea, bafu la mvua, kioo chenye taa kali, kitana, asetoni ya kuondoa rangi ya kucha, kibano, pamba. Hakuna kinachopaswa kubaki kati ya mwili na maji, hata bandeji au pete, kwa hiyo mwanga hafifu wa kimahaba hapa haufai. Msimamizi husimama nje hadi aitwe, kisha huangalia kwamba nywele zote zimezama.

Maji ya birika yapashwe hadi joto la mwili, na yachujwe na kutiwa dawa kama bwawa lolote la watu. Maji machafu hayajawahi kuwa sharti la dini.

Funguo zishikwe na wanawake. Mwaka 2014 huko Washington rabi mmoja alikamatwa kwa kuficha kamera kwenye mikve, na mwaka uliofuata akahukumiwa kifungo. Tangu hapo, mchoro wowote ninaopewa nauliza swali moja: nani ana ufunguo wa dari? Chumba cha mitambo kiwe na mlango wake wa nje, ili fundi akija kutengeneza pampu asipite vyumbani. Na saa za mafundi ziwe mchana.

Maji

Sasa kila kitu kimekauka, na kazi iliyobaki si yako. Unatayarisha njia, mvua inakuja yenyewe.

Mfereji wa paa na mabomba yateremke moja kwa moja, ya plastiki au zege, kwa sababu mabomba ya chuma yana maswali. Pasiwe na mahali pa kushika maji: hapana kikombe, hapana kona ya U, hapana chujio lenye kibakuli. Paa la bati lionyeshwe kwa rabi. Na simtanki, ndugu yangu, sahau. Kwetu tumezoea kuvuna maji kwenye simtanki halafu tukayafungulia yanapohitajika, lakini maji yakishatulia ndani ya tangi yamekuwa ya kuchota, na pampu haiyarudishii uhalali. Kwa Nairobi au Mbale, panga ratiba ili zege likomae kabla ya masika. Kazi ikimalizika kiangazi utakaa ukitazama mawingu.

Osha paa mapema. Acha mvua ya kwanza ipite nje, kisha unganisha bomba shimoni rabi akiwepo. Kuanzia hapo hadi kipimo kitimie, maji ya bomba yasikaribie chumba hicho. Siku hizi nang'oa mpini wa bomba na kutembea nao mfukoni.

Kule Pennsylvania, baada ya ndoo yangu, tulisubiri. Mvua ikagoma wiki tatu, ikaja kidogo, na Desemba ikakauka kwa baridi. Kamati ilikuwa imetangaza tarehe ya kufungua, na mimi nilikwepa kuwatazama usoni. Halafu usiku mmoja theluji ikaanguka hadi kwenye magoti. Asubuhi rabi akanipigia simu: lete koleo, na ile ndoo yako usiiache.

Nilidhani ananitania. Kumbe Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi, inataja theluji, barafu na mvua ya mawe katika vitu vinavyotimiza mikve wala haviiharibu hata vikiletwa kwa mkono. Inasimulia watu wa mji wa Medeba walioshuhudia kwamba Rabi Ishmael, mwanazuoni wa zamani hizo, aliwaambia watoke, walete theluji, waanzishe mikve kwayo. Theluji haijawa maji, kwa hiyo haichotwi. Sharti alilonipa ni moja: nisiiache iyeyuke ndani ya ndoo.

Wakaja watu kama ishirini, wake kwa waume, na watoto na vibeleshi vyao vya plastiki. Tulijaza shimo pomoni, tukawasha joto la chumba, theluji ikashuka hadi theluthi. Tukajaza tena. Yule mama wa mlango wa nyuma alisimama ukingoni akihesabu ndoo zangu kwa sauti. Ilipofika siku ya tatu theluji yote ilikuwa imeyeyuka, na rabi akateremsha rula: sentimita nane juu ya alama ya penseli ya sea 40. Akanigeukia, akanyoosha mkono, nami nikampa mpini wa bomba.